Kutibu unene uliokithiri ukiwa Tanga: dawa, puto na upasuaji

Kabla ya kuuliza dawa ipi au upasuaji gani, uliza nani atakuangalia hapa Tanga mwaka mmoja baadaye. Unene uliokithiri ni ugonjwa wa kudumu, sawa na presha na kisukari. Sindano huchomwa kwa sekunde chache na upasuaji humalizika kwa saa chache, lakini kilo kurudi au kutorudi kunaamuliwa na miezi na miaka inayofuata. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Tanga mjini, Muheza, Pangani au Korogwe, ambaye sehemu ya matibabu itambidi aifuate Dar es Salaam ilhali jiko lake, kazi yake na maduka yake ya dawa yako huku.

Jipime, na upimwe vizuri

Pima uzito asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi. Mizani nyingi za nyumbani huishia kilo 120 au 150, hivyo ukikaribia hapo usiziamini, kapime hospitali. Urefu upimwe bila viatu wala kilemba, visigino vikigusa ukuta. Kisha gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: hiyo ndiyo BMI. Mama wa kilo 104 mwenye urefu wa mita 1.62 anapata 104 kugawa kwa 2.62, yaani karibu 39.6. Tutaendelea kumtumia mama huyu katika hesabu zote.

Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri, 35 ni daraja la pili, 40 ni la tatu. BMI haijui tofauti ya misuli na mafuta, kwa hiyo pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Mwanamke aliyezidi sentimita 88 na mwanamume aliyezidi 102 yuko kwenye hatari kubwa ya kisukari na maradhi ya moyo, hata kama BMI yake ni 28 tu.

Kosa moja linatokea kila siku kwenye vyumba vya kupimia presha. Mzunguko wa mkono wa juu ukizidi sentimita 32, mkanda wa kawaida wa mashine ni mdogo na hutoa namba kubwa kuliko presha halisi. Mtu anaweza kuongezewa dozi asiyoihitaji kwa sababu ya mkanda tu. Omba mkanda mkubwa, na ukiambiwa haupo, omba iandikwe kwenye kadi kwamba ulipimwa kwa mkanda wa kawaida.

Vipimo vya damu vya kuanzia ni sukari ya kufunga au HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu), mafuta, ini, figo na wingi wa damu. Homoni za thairoidi zipimwe zikiwepo dalili. Sema wazi kama unakoroma sana, kama mwenza wako huona pumzi zinakatika usingizini, na kama mchana unasinzia hata kwenye daladala. Jambo hilo hubadilisha mpango mzima wa dawa za usingizi ukifika chumba cha upasuaji.

Nenda na dawa zako zote kwenye mfuko, na pakiti zake. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, insulini, glibenklamaidi, prednisoloni, amitriptilini, valproeti, olanzapini, na ARV zenye dolutegravia zote zinaweza kuongeza uzito. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Kuacha ARV au dawa ya kifafa kuna hatari kubwa kuliko kilo zozote. Muulize daktari swali hili: "Kati ya hizi, ipo yenye mbadala usionenepesha?" Mara nyingine kubadili sindano ya uzazi kwa kitanzi kunasimamisha ongezeko ambalo miezi ya kujinyima chakula haikulisimamisha.

Nani anastahili nini

Dawa huanza kufikiriwa BMI ikiwa 30, au 27 kwa mwenye kisukari, presha au ugonjwa mwingine unaotokana na uzito. Upasuaji kwa miaka mingi ulifuata vigezo vilivyowekwa Marekani mwaka 1991: BMI 40, au 35 yenye magonjwa. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji vilishusha vigezo hivyo: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 34.9 kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa aina hiyo. Mama wetu wa 39.6 anastahili vyote viwili, kwa hiyo ana nafasi ya kuchagua.

Jua pia kiasi cha kutarajia. Kupungua asilimia 5 hadi 10, ambayo kwake ni kilo 5 hadi 10, kunatosha kushusha presha na sukari kwa kiwango kinachoonekana. Anayetaka kuondoa kilo 40 kwa dawa za kumeza peke yake ataishia kukata tamaa na kuacha tiba iliyokuwa inamsaidia.

Dawa

Olistati humezwa miligramu 120 pamoja na kila mlo wenye mafuta, mara tatu kwa siku. Huzuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, na mafuta hayo hutokea chooni. Hapa pwani ndipo watu wengi wanaposhindwa nayo: ukila wali wa nazi, samaki wa kupaka na mahamri kwa siku moja, utapata choo cha mafuta kisichozuilika na nguo zitachafuka. Tui likipungua, tatizo hupungua. Mlo usio na mafuta, ruka kidonge. Meza vidonge vya vitamini A, D, E na K wakati wa kulala, saa mbili au zaidi baada ya dawa. Uzito unaopungua ni mdogo, kilo chache tu, lakini dawa hii haiingii sana kwenye damu na ina historia ndefu.

Sindano za kundi la GLP-1 zina nguvu zaidi. Hupunguza njaa kwenye ubongo na kuchelewesha chakula kutoka kwenye mfuko wa chakula. Liraglutaidi huchomwa kila siku, kuanzia miligramu 0.6 na kupanda kila wiki hadi 3.0. Semaglutaidi ni mara moja kwa wiki: 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, 1.0, 1.7 na 2.4, kila ngazi wiki nne. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia semaglutaidi 2.4 walipungua wastani wa asilimia 15 kwa wiki 68, ambayo kwa mama wetu ni karibu kilo 16. Tirzepataidi huanza 2.5 na kupanda hadi 15, na matokeo yake kwa dozi ya juu yalikaribia asilimia 21.

Usiruke ngazi. Karibu kila kichefuchefu kikali tunachokisikia kinatokana na mtu kupandishwa dozi haraka, au kuendelea kula sahani ileile ya zamani wakati mfuko wa chakula haumwagi kwa kasi ya zamani. Kula nusu ya kawaida yako, acha mara tu hamu inapokatika, na epuka vya kukaanga siku ya sindano na siku inayofuata. Kufunga choo ni jambo la kawaida: maji lita mbili, papai, mboga za majani. Ukitapika siku nzima, usichome dozi inayofuata kabla ya kumwona daktari, kwani figo huumia kwa ukosefu wa maji, na joto la Tanga linaharakisha hilo.

Choma chini ya ngozi tumboni, sentimita 5 mbali na kitovu, au pajani. Badili sehemu kila wiki. Sindano ya kalamu (kifaa cha kuchomea dawa) iwe mpya kila mara. Bonyeza mpaka mwisho, kisha hesabu polepole hadi sita kabla ya kuichomoa, la sivyo tone la dawa hubaki kwenye ngozi. Ukisahau semaglutaidi, choma ndani ya siku tano; tirzepataidi, ndani ya siku nne. Zikipita, ngoja siku yako ya kawaida. Ukikosa wiki mbili mfululizo, muulize daktari kama unahitaji kurudi ngazi ya chini.

Utunzaji unahitaji mkazo hapa kwetu. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, rafu ya kati ya friji, si mlangoni wala karibu na friza. Iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Baada ya kuanza kutumika, kalamu nyingi huvumilia joto lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki kadhaa. Soma karatasi yake kwa idadi kamili. Lakini chumba cha mabati Makorora mwezi wa Februari kinapita nyuzi 30 mchana, hivyo iendelee kukaa kwenye friji. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friji. Ukisafiri, tumia deli dogo, na barafu iviringishwe taulo isiguse kalamu.

Sindano hizi hazimfai mjamzito wala anayenyonyesha, aliyewahi kuugua kongosho, wala mwenye saratani ya thairoidi ya aina ya medula au ukoo wenye saratani hiyo. Anayepanga mimba aache semaglutaidi miezi miwili kabla. Tirzepataidi hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo ongeza kondomu wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila ngazi. Anayetumia insulini au glibenklamaidi lazima apunguziwe dozi, la sivyo sukari itashuka ghafla. Maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mgongoni, pamoja na kutapika, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kama baada ya miezi mitatu ya dozi kamili hujapungua asilimia 5, dawa hiyo haikufai, na kuendelea kuinunua ni kupoteza pesa. Na ikikufaa, fahamu kwamba wengi wanaoacha hurudisha karibu theluthi mbili ya kilo zao ndani ya mwaka mmoja. Piga hesabu ya gharama ya miaka, si ya mwezi. Tunaona ni afadhali usianze kuliko kuanza dawa utakayoimudu kwa miezi minne tu.

Kuhusu chai na vidonge vya "kukata tumbo" vinavyouzwa mitandaoni: chai nyingi ni majani ya kuharisha. Zinatoa maji na potasiamu mwilini, mafuta hayaguswi. Vidonge visivyo na jina la kiwanda vimekutwa mara nyingi na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Nunua dawa iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwenye famasia, kwa cheti cha daktari, na kalamu itolewe kwenye friji mbele ya macho yako.

Puto

Puto la silikoni huingizwa kinywani kwa kamera hadi kwenye mfuko wa chakula, kisha hujazwa mililita 400 hadi 700 za maji ya chumvi. Hakuna kisu. Hukaa miezi sita kwa aina nyingi, na hupunguza takriban asilimia 10 ya uzito. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma hii. Hospitali hiyo iko upande wa Kibamba, kwa hiyo basi la Tanga linalopita Chalinze hukaribia eneo hilo kabla ya kufika Mbezi.

Siku tatu hadi tano za kwanza ni za kutapika na maumivu ya kubana. Watu wengine huomba litolewe siku ya pili. Wakivumilia kwa dawa za kichefuchefu na maji ya kunywa kidogokidogo, hali hutulia. Dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, humezwa muda wote puto likiwa ndani. Baadhi ya maputo hutiwa rangi ya buluu: mkojo ukigeuka kijani au buluu, puto limevuja na linaweza kuteremka na kuziba utumbo, kwa hiyo nenda hospitali mara moja.

Udhaifu wa puto ni kwamba linatolewa. Linafaa kama ngazi: kumshusha mwenye kilo 160 ili apasuliwe kwa usalama, au kumpa mtu wa BMI 32 nusu mwaka wa kujifunza kula. Likitolewa bila mpango wa siku ya pili yake, kilo hurudi.

Upasuaji

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi, zote kwa matundu madogo. Ya kwanza ni kukata mfuko wa chakula kwa urefu: asilimia 75 hadi 80 huondolewa kabisa na kubaki bomba jembamba la mililita 100 hadi 150. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa. Ya pili ni ya njia ya mkato: hutengenezwa kifuko cha mililita 30 na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikiruka sehemu iliyobaki ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Zote hupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito. Mama wetu angefika kati ya kilo 73 na 78.

Mwenye kiungulia kikali achague njia ya mkato, maana kukatwa kwa urefu huzidisha kiungulia. Mwenye kisukari kigumu pia hunufaika zaidi na njia ya mkato. Lakini njia hiyo inahitaji vitamini nyingi zaidi maisha yote, na utumbo unaweza kujisokota kwenye nafasi za ndani hata miaka mitatu baadaye. Kwa mtu anayeishi mbali na mpasuaji wake na asiye na kiungulia wala kisukari, kukata kwa urefu huwa ni chaguo linalosamehe zaidi.

Wiki mbili kabla, mgonjwa hula chakula cha kalori 800 hadi 1,200 kwa siku: samaki wa kuchemsha, mayai, mchicha bila tui, maziwa mgando yasiyo na sukari. Kusudi ni kusinyaza ini, kwa sababu ini lenye mafuta hufunika mfuko wa chakula na mpasuaji hulazimika kufungua tumbo zima. Sigara iachwe wiki sita kabla. Bakteria wa vidonda vya tumbo wapimwe na kutibiwa. Na anayechoma GLP-1 awaambie wataalamu wa usingizi siku za mwanzo kabisa, kwani chakula kinaweza kuwa bado kimo tumboni hata baada ya kufunga usiku kucha.

Vifo ni vichache, chini ya mtu 1 kwa 200 katika vituo vyenye uzoefu, lakini kuna hatari tatu za kuzijua kwa majina: kuvuja kwenye mshono, kuvuja damu, na damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, pamoja na homa au maumivu ya bega la kushoto, chukulia ni kuvuja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo usipande basi la kurudi Tanga siku ya nne. Kaa kwa ndugu Dar siku 10 hadi 14, na siku ya safari teremka utembee kila basi linaposimama.

Jiko la baada ya upasuaji

Wiki mbili za mwanzo ni za majimaji tu: maji, supu ya samaki iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi. Kipimo ni mililita 30 kila robo saa, yaani vijiko viwili vya chakula. Kikombe cha kahawa cha vijiweni kinasaidia sana kwa kipimo hiki. Lengo ni lita 1.5 kwa siku. Wiki ya tatu na nne, vilivyopondwa: uji mwepesi wenye maziwa, kunde zilizosagwa, samaki aliyepondwa na mchuzi. Wiki ya tano na sita, vilaini: mayai, samaki, ndizi za kupika. Baada ya hapo chakula cha kawaida, kimoja kimoja.

Protini iwe gramu 60 hadi 80 kila siku, na iliwe kabla ya kingine chochote sahanini. Yai lina gramu 6, kikombe cha maziwa 8, kipande cha samaki cha gramu 100 karibu 20, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Dagaa waliosagwa ni msaada mkubwa, kijiko kikitiwa kwenye uji au mchuzi. Usinywe ukiwa unakula; ngoja nusu saa.

Vinavyokwama ni mkate laini, wali mkavu, chapati, nyama ngumu na pweza. Pweza mwache miezi mitatu, kisha anza na kipande cha ukubwa wa ukucha, kitafunwe mpaka kiwe uji. Juisi ya miwa, halua na kashata, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, huteremka ghafla kwenye utumbo: ndani ya nusu saa moyo unadunda, jasho linamtoka mtu, anaharisha, saa moja hadi tatu baadaye sukari inaweza kushuka. Ramadhani ya mwaka wa kwanza usifunge bila ruhusa ya mpasuaji, maana lita 1.5 haziingii kati ya futari na daku kwa tumbo la aina hiyo.

Vidonge vya maisha na barua mfukoni

Kila siku: vitamini mchanganyiko, kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa, vitamini D vipimo (IU) 3,000, vitamini B12 mikrogramu 350 au zaidi, au sindano ya 1,000 kila mwezi. Wanawake wanaopata hedhi waongeze madini chuma miligramu 45 hadi 60. Chuma na kalsiamu vitengane saa mbili, na chuma kisimezwe na chai. Anayetapika wiki nzima apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Bila hivyo ubongo na mishipa ya fahamu huharibika, na kuharibika huko kunaweza kubaki. Mwambie muuguzi jambo hili kwa mdomo wako.

Diklofenaki na ibuprofeni marufuku, kwa sababu huleta vidonda pale mfuko wa chakula ulipounganishwa na utumbo. Hizi ndizo dawa zinazotolewa haraka zaidi kwa maumivu ya mgongo kwenye maduka ya dawa mtaani, kwa hiyo mtu wa nyumbani mwako naye ajue. Tumia parasetamoli. Kuzuia vijiwe vya nyongo, wenye kifuko cha nyongo huandikiwa asidi ya ursodioksikoliki miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa miezi sita.

Dawa za presha na sukari hupunguzwa ndani ya siku na wiki, kwa hiyo kliniki ya kwanza Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe wiki hiyohiyo unayorudi, si mwezi unaofuata. Damu ipimwe miezi 3, 6 na 12, halafu kila mwaka: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, kalsiamu, vitamini D, figo na ini. Uliza mapema ni maabara ipi inapima B12 na vitamini D. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Uzazi hurudi upesi uzito ukishuka, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya njia ya mkato, kwa hiyo weka kijiti au kitanzi kabla ya upasuaji.

Mwisho, usitoke hospitali bila barua. Iwe na jina la upasuaji, tarehe, urefu wa utumbo uliorukwa, na namba ya simu ya kitengo. Ipige picha, ikae kwenye simu yako na ya mwenza wako. Daktari wa zamu anayekupokea usiku na tumbo linalokata akijua una njia ya mkato, hataingiza mpira wa puani bila uangalizi, atafikiria utumbo uliojisokota, na atampigia mpasuaji kabla ya asubuhi.